Kukirekebisha Kisanamu cha Dukani Kifanane na Mtu wa Sinema

Bwana Mhariri ameniomba niandike kitu kwa ajili ya sehemu yetu ya Kiswahili, akanionya nisilete tena habari za safari wala za mpira, maana hizo amekwisha kupata za kutosha. Nikamjibu kuwa kazi niifanyayo jioni siku hizi ni kuwapaka rangi wanasesere wa plastiki. Akacheka sana, lakini hakukataa. Basi, ndugu wanafunzi, nanyi wazee wa shule mliotutangulia, nawaomba mnivumilie kidogo. Kazi yenyewe ina hesabu, ina ufundi, na ina hasara pia, kama mtakavyoona.

Mwanzo wake ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye yuko kidato cha pili katika shule ya bweni. Kwa mihula mitatu aliweka akiba ya fedha zake za matumizi, mandazi hakula, soda hakunywa, mpaka akaweza kununua kisanamu cha askari mwanamke wa sinema ya Black Panther. Siku alipokitoa katika kisanduku chake uso ulimshuka. Jicho la kulia lilimtazama yeye, la kushoto lilitazama mlango. Ngozi iling'aa kama kipande cha sabuni kilichotoka majini. "Mjomba," akaniambia, "huyu siye." Nikamwambia, kwa majivuno ya mtu aliyewahi kupata zawadi ya kuchora hapa shuleni, aniachie mimi, akirudi likizo atamkuta ndiye. Akanikabidhi, akaenda zake shule. Sikujua nimejitia katika jambo gani.

Kabla ya kuwaeleza niliyoyatenda, yafaa tujue kwa nini kisanamu hutoka kiwandani hakifanani na mtu wake. Visanamu hivi si vya zamani sana. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa sanamu ya askari iitwayo G.I. Joe, yenye urefu wa karibu inchi 12 na sehemu 21 zinazogeuka. Wenye kampuni walijua kuwa mvulana wa Marekani hatakubali kununuliwa mwanasesere. Basi hawakuiita mwanasesere. Walitunga jina jipya la Kiingereza lenye maana ya sanamu ya vitendo. Jina likashika, na wavulana wakacheza na wanasesere kwa heshima zao zote.

Kisha ikaja sinema ya Star Wars, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977. Kampuni ya Kenner, ya mji wa Cincinnati, ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kutengeneza vitu vya kuchezea vya sinema hiyo, lakini hakuna aliyetazamia kuwa watu wangeipenda kiasi kile, na Krismasi ilipofika visanamu havikuwa tayari. Wakauza bahasha ya karatasi ngumu yenye hati ndani yake. Hati ilipelekwa kwa posta, na mwaka 1978 visanamu vinne vya kwanza vikaja: Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Fikirini mtoto anayefungua zawadi ya Krismasi akakuta karatasi ya ahadi! Hata hivyo watoto walingoja. Vilipokuja vilikuwa vidogo, cha mtu mzima kikiwa na inchi tatu na robo tatu tu, na kipimo hicho kimeendelea kutumika hata leo.

Haraka ile ilizaa makosa, na makosa hayo ndiyo yaliyowapa kazi watu wa namna yangu. Upanga wa mwanga wa Luke katika sinema ni wa buluu. Kisanamu chake kilipewa wa manjano. Yule mtu wa chuma aitwaye C-3PO, ambaye kila mmoja husema ni wa dhahabu mwili mzima, katika sinema ile mguu wake wa kulia toka goti kwenda chini ni wa fedha. Kisanamu kilikuwa dhahabu tupu. Nawaapia, nilikuwa nimeitazama sinema ile mara nyingi nisiuone mguu huo, na sababu yake ni rahisi: fedha iliyosuguliwa huakisi kilicho karibu nayo, na kilichokuwa karibu nayo ni mguu wa pili wa dhahabu na mchanga wa jangwani. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni la kiumbe mmoja wa kwenye baa, aliyeitwa Snaggletooth. Watengenezaji walipewa picha yake iliyomwonyesha toka kiunoni kwenda juu. Wakakisia yaliyobaki, wakamfanya mrefu kama wenzake, wakamvika nguo za buluu. Kumbe yule ni mfupi, na nguo zake ni nyekundu! Walipogundua walimfupisha na kumbadilisha nguo, na yule wa makosa, aliyeuzwa pamoja na kibanda cha baa katika maduka ya Sears, ndiye anayetafutwa na wakusanyaji mpaka leo.

Siku hizi mwigizaji husimama katikati ya kamera nyingi, mwili wake ukapimwa kila upande, na sura yake ikaingia katika kompyuta. Mtu angedhani makosa yamekwisha. Hayakwisha, kwa kuwa sababu za zamani zipo bado. Kisanamu huanza kutengenezwa kabla sinema haijamalizika, na huku nyuma vazi laweza kubadilishwa. Tena kalibu la chuma, ambamo plastiki ya moto husukumwa ili ipate umbo, lina gharama kubwa. Kwa hiyo mwili mmoja hupewa vichwa vya watu watatu au wanne, wanene kwa wembamba, mradi kalibu lilipe. Na kila rangi inayowekwa ni kazi moja zaidi, ina mkono wake na malipo yake. Ndiyo maana mgongoni mwa kisanamu rangi huwa chache kuliko kifuani; mnunuzi dukani haoni mgongo.

Macho zamani yalipigwa kwa muhuri laini wa mpira, ambao huchukua rangi katika bamba lililochongwa, ukaikandamiza usoni. Muhuri ukiteleza nusu ya milimita tu, mtu amekwisha kuwa na makengeza. Mnamo miaka ya 2017 na 2018 Hasbro walianza kuchapa nyuso kwa mashine, kwa vidoa vidogo vidogo vya rangi kama picha za gazeti, na nakiri kuwa nyuso zimekuwa nzuri zaidi. Lakini mashine nayo huchapa pale ilipoelekezwa, si pale pua ilipo.

Sasa nirudi kwa askari wetu. Black Panther ilitoka mwaka 2018. Nchi ya Wakanda haipo, lakini mavazi yake yametoka katika nchi zilizopo. Aliyeyabuni ni Bibi Ruth E. Carter, Mmarekani, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Oscar mwaka 2019. Kwa wale askari wanawake, Dora Milaje, alichukua wekundu kwa Wamasai, pete za shingo kwa Wandebele, na kazi ya ngozi kwa Wahimba. Kofia ya Malkia Ramonda ina umbo la kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, nayo ilichapwa kwa mashine ile inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka. Jambo moja dogo ambalo wengi hawalioni: Okoye, akiwa mkuu wa askari, huvaa pete za dhahabu, na wenzake huvaa za fedha.

Hilo ndilo lililokuwa shauri letu. Mpwa wangu hakumtaka Okoye. Alimtaka Ayo, kwa kuwa mwigizaji wake, Florence Kasumba, alizaliwa Kampala, ambako dada yangu naye alijifungulia. Kisanamu alichokipata kilikuwa na pete za dhahabu. Kwa hiyo mimi nilikuwa na kazi tatu: macho, ngozi, na pete.

Nilianza kwa kutafuta mfano wa kuufuata, na hapa nataka niseme kidogo, maana ndipo wanaoanza wanapokosea. Tangazo la sinema si mfano. Picha ya tangazo imepakwa rangi upya na watu wa matangazo. Wala vazi lenyewe, kama lingeletwa mbele yako, si mfano kamili, kwa kuwa kwenye sinema hulioni vazi, unaona vazi chini ya taa fulani. Wekundu ule ule mchana ni kama tofali jipya, usiku katika taa za mji ni kama damu ya mzee. Wapo wanaobishana juu ya jambo hili mpaka urafiki ukavunjika. Mimi nilisimamisha sinema mahali pengi, nikachagua picha tano za mchana zilizopigwa katika mahali mbalimbali, nikafuata rangi iliyo katikati yao. Haikuwa rangi ya kisanduku cha posta iliyotoka kiwandani. Ilikuwa imeiva zaidi, na kwenye mikunjo ilikuwa karibu na kahawia.

Hesabu ndiyo iliyofuata. Kisanamu changu kina urefu wa inchi sita, yaani sentimita 15 hivi. Mtu wa sentimita 180 akigawanywa kwa 12 hutoa 15. Kwa hiyo kila kitu mwilini mwake kimegawanywa kwa 12, nami yanipasa kufanya vivyo hivyo. Duara la rangi katika jicho la mtu lina upana wa karibu milimita 12; la kisanamu basi ni milimita moja tu. Jicho lote, toka pembe hadi pembe, ni karibu milimita 30. Kwenye kisanamu ni mbili na nusu. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kilichonitisha zaidi: rangi niliyoipaka kwa unene wa robo ya milimita, mtu wa kweli angekuwa ameivaa kwa unene wa milimita tatu, kama ukuta uliokandikwa udongo. Ndiyo sababu visanamu vingi vilivyopakwa na watu wa nyumbani huonekana kama vimetumbukizwa katika uji. Rangi yapasa iwe nyepesi kama maziwa, ipakwe mara tatu au nne, na kila mara ingoje ikauke.

Ukitaka kukiondoa kichwa usikivute kikiwa baridi, utavunja kijiti cha shingo. Plastiki iitwayo PVC, ambayo ndiyo ya vichwa vingi, hulainika kwa joto. Chemsha maji, yaepue jikoni, zamisha kichwa kwa dakika moja au mbili, kisha kivute taratibu kwa kitambaa. Kitatoka chenyewe kama jino la mtoto. Kwa njia hiyo hiyo mkuki uliopinda hunyooshwa: maji ya moto, nyoosha, kisha maji baridi mara moja ili ushike umbo. Wadogo mlio kidato cha kwanza, maji ya moto na wembe muwaachie wakubwa.

Halafu kisanamu huoshwa kwa sabuni, maana mafuta ya kiwandani na ya vidole huikataa rangi. Kisha huondolewa rangi ya zamani. Na hapo ndipo niliponaswa.

Rangi ya macho ilikataa kutoka kwa sabuni. Jirani yangu mmoja akaniambia kuwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha huondoa kila kitu. Ni kweli, huondoa kila kitu. Nilichovya pamba, nikausugua uso, macho yakafutika mara moja, nami nikafurahi, nikaendelea kusugua. Kwanza ngozi ikanata. Kisha pua ikapoteza ncha. Nilipoona hatari nilikishika kichwa kwa vidole viwili ili nikipeleke majini, na kidole gumba changu kikazama katika shavu la kushoto, kikaacha alama yake yote, mistari na mizunguko, kama ile ya mtu aliyetia sahihi asiyejua kusoma.

Dawa ile ndani yake ina asetoni. Asetoni hulainisha plastiki ya PVC, na ile nyingine ngumu iitwayo ABS huiyeyusha kabisa. Mtoto wa kemia angejua. Nami nilifundishwa kemia katika shule hii, katika maabara ile ile mnayoitumia sasa, na mwalimu wangu, kama anasoma, naomba asinitaje.

Usiku ule sikulala vizuri. Kisanamu chenyewe si kitu, lakini niliona mandazi ya mihula mitatu. Nilitafuta kingine cha namna ile ili nikiweke mahali pake kimya kimya, na wala sikukipata. Visanamu hutengenezwa kwa muda, kisha kiwanda huviacha na kuanza vingine. Vilivyobaki vilikuwa mikononi mwa wauzaji walioviuza kwa bei iliyonizidi. Ikabaki kumwandikia na kumwambia kweli, au kurekebisha. Nikaandika barua. Sikuipeleka.

Nililolifanya kwanza, na ndilo lililo sawa, ni kutolifanya lolote. Plastiki iliyolainishwa na asetoni huanza kurudi katika ugumu wake asetoni inapoondoka hewani. Nilikiweka kichwa mahali penye upepo kwa siku nne nisikiguse. Kisha nikasugua shavu kwa msasa laini sana, ule wa namba 800, nikiulowesha maji, ili vumbi lisiruke. Vumbi la plastiki si la kuvutwa puani. Alama ya gumba ikafifia, lakini shimo likabaki.

Shimo nililijaza kwa udongo wa epoksi. Huuzwa vipande viwili vya rangi mbili. Ukivikanda pamoja mpaka vikawa rangi moja, vina saa moja au mbili kabla ya kuanza kuwa vigumu, na kesho yake ni kama jiwe. Pua niliijenga mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa ya mjomba wangu, mara ya pili haikuwa ya mtu. Hapa ndipo nilipojifunza kuwa uso hauumbwi kwa kuongeza bali kwa kuongeza kidogo kuliko unavyotaka, ukangoja ukauke, ukapunguza kwa msasa. Wenye mashine za kuchapa umbo siku hizi huchora kichwa kizima katika kompyuta wakakitoa kimekamilika, nami siwalaumu. Lakini mimi nilikuwa na kijiti cha kuchokolea meno, sindano ya kushonea, na maji ya kulowesha vidole.

Rangi ya zamani iliyobaki mwilini niliiondoa kwa spiriti, ile ile wanayokupaka hospitali kabla ya sindano. Huenda taratibu, lakini haili plastiki. Hata hivyo nilijaribu kwanza chini ya unyayo. Sasa mimi hujaribu kila kitu chini ya unyayo.

Basi tufike kwenye ngozi, ambako nina neno la kusema. Vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa na watu wanaopaka ngozi nyeupe, na mafundisho yao ni kwamba kivuli hupatikana kwa kuongeza rangi ya giza na mwangaza kwa kuongeza nyeupe. Fanyeni hivyo kwa ngozi ya kahawia muone. Ukitia nyeupe juu ya paji la uso na mashavu, askari wako atakuwa kama mtu aliyetoka kuoga asubuhi ya baridi asipake mafuta. Amepauka magoti na viwiko mpaka unamhurumia. Na ukitia nyeusi kwenye vivuli, anakuwa na masizi. Nilitupa michanganyiko mingi kabla sijaelewa. Ngozi ya watu wetu, itazameni tu kwenye mkono wenu mkiwa mmekaa karibu na dirisha, mwangaza wake una uchungwa na dhahabu ndani yake, na pale mwanga unapopiga sana una buluu ya anga. Kivuli chake ni chekundu kilichokolea, kama kahawa na damu. Kwa hiyo mwangaza niliupata kwa kuongeza rangi ya ugoro wa manjano na chungwa kidogo, na kivuli kwa kahawia iliyotiwa wekundu na tone la buluu. Viganja ni vyeupe kuliko mgongo wa mkono, kiwanda kilisahau. Mdomo wa juu huwa na giza kuliko wa chini. Kiwanda kilipaka rangi moja. Haya si mambo makubwa, lakini jicho la mtu huyajua hata kama yeye mwenyewe hayajui, na ndiyo yaliyomfanya yule mtoto aseme "huyu siye" bila kuweza kueleza.

Macho yalinichukua jioni mbili. Weupe wa jicho si mweupe. Ukitumia rangi nyeupe tupu mtu huonekana ameona jini. Tia kahawia kidogo mpaka ufanane na maziwa ya chai. Lile duara la milimita moja sikulipaka kwa brashi, nililigusa kwa ncha ya kijiti cha meno, huku viwiko vyote viwili nimeviegemeza mezani na pumzi nimeizuia. Anza na lile jicho lisilo la mkono wako, kwa kuwa lile la pili utaliweka kwa urahisi zaidi ukilifuata la kwanza. Sehemu ya juu ya duara lazima ifichwe na ukope, la sivyo mtu ameshangaa milele. Nililifuta jicho la kushoto mara sita. Mara ya saba lilitazama mahali lilipotazama la kulia, nikaondoka mezani nisije nikashawishika kuligusa tena.

Pete zilikuwa rahisi. Nilizipaka nyeusi kwanza, maana fedha juu ya nyeusi huwa na kina. Kisha nikachukua brashi yenye rangi ya fedha, nikaifuta kwenye karatasi mpaka ikawa karibu kavu, nikaipitisha juu juu. Rangi hushika kwenye migongo ya pete, katikati hubaki nyeusi, na ghafla kile kilichokuwa mrija mmoja wa plastiki kinakuwa pete nyingi zilizopangwa. Vazi nalo nililimwagia kahawia iliyochanganywa na maji mengi, ikatiririka ikajificha katika mikunjo ya ngozi na kati ya shanga, na nyingine nikaifuta. Kwa nini kuchora vivuli wakati taa ya chumbani inavitupa yenyewe? Kwa sababu mkunjo wa kisanamu hauna kina cha kutosha. Mwanga wa taa ni ule ule lakini mkunjo umegawanywa kwa 12.

Viungo vinataka uangalifu. Goti likikunjwa, plastiki husugua plastiki, na rangi hutoka. Nilikwangua kidogo ndani ya kiungo kabla ya kupaka, ili rangi ipate nafasi. Mwisho ni vanishi isiyong'aa juu ya ngozi na vazi, na tone la vanishi ing'aayo katika kila jicho. Usinyunyize vanishi siku ya mvua. Unyevu wa hewa ukiingia ndani yake hubaki ukungu mweupe. Mimi nilingoja jua siku tatu, na ilikuwa imebaki wiki moja shule zifungwe.

Mpwa wangu alikuja jioni, bado na sare za shule. Nilikuwa nimemsimamisha askari juu ya meza, mkuki mkononi, nikajifanya nasoma gazeti. Alikichukua, akakipeleka dirishani. Akatazama uso, akatazama viganja, akazihesabu pete. Kisha akakigeuza upande wa kushoto, akakisogeza karibu na jicho lake.

"Mjomba, hapa shavuni pana nini?"

Nikamweleza yote, asetoni, na barua ambayo sikuipeleka. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaomba aione barua. Alipokwisha kuisoma aliikunja akaitia katika kisanduku cha kisanamu, chini ya ile plastiki ya kukishikia, akasema itakaa humo.

Kuhusu kile kisanamu alisema ndiye, ila unyayo wa kulia nimeusahau, nao kweli nilikuwa nimeusahau. Una madoa yote ya majaribio yangu. Ameukataa usipakwe. Siku iliyofuata alikuja na rafiki yake, ambaye ana kisanamu cha C-3PO cha dhahabu tupu, wakaniuliza chupa ya rangi ya fedha iko wapi. Imebaki kidogo, lakini kwa mguu mmoja yatosha.